London hadi Tokyo: kwa nini saa 14 na si 11

Mkuu, umeuliza kama saa 14 zilizoandikwa kwenye tiketi ya mama ni makosa, maana ukigawa kilomita 9,600 kwa mwendo wa 900 kwa saa unapata saa 11 kasoro. Tiketi iko sawa. Hizo kilomita 9,600 ni za njia fupi kuliko zote juu ya tufe, nayo inakatiza Siberia. Tangu 2022 mashirika ya Ulaya na Japani hayapiti anga ya Urusi, kwa hiyo ndege inazunguka.

Nimeisafiri safari hii kabla na baada. Mwaka 2019 tulitumia saa 11 na nusu hivi. Usiku nilifungua kidirisha, chini theluji tupu na mto ulioganda, hakuna taa hata moja. Mwaka 2023 tulipita kusini: Bahari Nyeusi, Kaspi, Kazakhstan, halafu China. Karibu saa 14.

Kurudi ndiko kulikonishangaza. Tumeondoka Tokyo kwenda Ulaya, lakini kwenye skrini pua ya ndege imeelekea Alaska! Tukapita huko, tukaja Greenland, tukaingia London kutokea kaskazini-magharibi. Sababu ni upepo. Huko juu kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Tokyo unakusukuma mgongoni. Ukirudi kwa njia ileile ya kusini unakupiga usoni safari nzima. Bora kuzunguka karibu na ncha ya dunia.

Sasa usichanganywe na saa za tiketi, kila moja ni ya mji wake. Majira ya baridi Tokyo iko mbele ya London kwa saa 9. Mama akiondoka saa 7 mchana, baada ya saa 14 London itakuwa saa 9 usiku, ila yeye atashuka Tokyo saa 6 mchana wa siku ya pili. Akirudi, ataondoka asubuhi na kufika alasiri ya siku hiyohiyo.

Kinachonitia wasiwasi ni ile saa moja uliyomwachia kuunganisha ndege ya ndani. Haitoshi, nakuomba uibadilishe. Kuna foleni ya uhamiaji, kusubiri mizigo, forodha, kisha kukabidhi mizigo upya. Mpe saa 3 au zaidi. Na hakikisha ndege zote mbili zinatumia uwanja mmoja, kwa sababu Tokyo ina viwanja viwili: Haneda iko ndani ya jiji, Narita iko kilomita 60 hivi nje yake.

Mchagulie kiti cha pembeni mwa njia, asione haya kuinuka. Mimi 2023 nilikaa dirishani, nikaona aibu kuwaamsha majirani, na miguu ilivimba hadi viatu vikakataa kuingia.