Jiko la bibi lilale nje

SWALI: Shikamoo Mama. Sisi ni vijana saba wa Makete. Tangu Juni, baridi ilipoanza kubana, tunazungukia wazee wanaoishi peke yao, tunawapasulia kuni na kuwapelekea mkaa. Juzi alfajiri tulimkuta bibi mmoja anatapika, kichwa kinamgonga, jiko la mkaa liko miguuni pa kitanda. Tulipomtoa nje akapata nafuu kidogo, tukamkimbiza zahanati. Majirani wanasema ni malaria. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kumtoa nje na kumpeleka zahanati ndiko kulikotakiwa. Kwa ulivyoeleza, mimi ningelishuku jiko kabla ya mbu. Mkaa ukiwaka chumba kimefungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu, yale tunayosema yamekwisha, bado huitoa. Na bakuli la maji kando ya jiko halizuii kitu.

Mkaa endeleeni kumpelekea. Aote jioni, mlango wazi, na akienda kulala jiko libaki nje.

Sasa shughulikieni kitanda. Inueni godoro mtazame: kwa wazee wengi limelika hadi unagusa chaga, baridi inapandia chini, na blanketi la pili juu halifui dafu. Tandikeni maboksi au magunia makavu chini yake. Mvisheni soksi na kofia ya sufu. Halafu ndoo yenye mfuniko, tafadhali, karibu na kitanda. Mzee akitoka saa nane usiku kwenda choo cha nje, sakitu, ule umande ulioganda, imetanda kwenye majani, joto lote alilolikusanya linaishia njiani.

Chupa ya maji moto ifungeni kwa kanga, ipashe kitanda, kisha muitoe kabla hajalala. Mama yangu mzazi nilimwachia miguuni. Ana kisukari, miguu imeingia ganzi, hakusikia kitu. Asubuhi kisigino kina lengelenge kama yai, nami muuguzi mzima!

Babu akiwaambia ulanzi, ile pombe ya mianzi, unamtosha, mjue humpasha ngozi tu huku mwili ukizidi kupoa.

Na siku mkimkuta mzee wa baridi kabisa, maneno yanamkwama na kutetemeka kumekoma, mfunikeni mablanketi na mtafute gari hapohapo. Uji utamngoja.