Kikao cha maoni ya pwani: wapelekeni wakaione maji yakiwa yamepwa

Asalaam aleikum ndugu mleta mada,

Umeuliza kama kuna faida kwenda kwenye kikao cha maoni ya ukarabati wa pwani yenu. Umesema wameahidi gati jipya la boti, banda la samaki na mahali pa watu kupunga upepo, nawe mwenye mashua moja ya mshipi hujui ukisimama mbele za watu useme nini. Nenda. Na usiende peke yako.

Nimekaa kwenye BMU, kamati ya wavuvi ya diko moja (mahali mashua zinaposhusha samaki) hapa kisiwani Amu, yaani Lamu, kwa miaka saba, mitatu kati ya hiyo nikiwa katibu. Nimepitia kazi mbili za namna hiyo. Ya kwanza ilituharibikia nasi tulikuwemo ukumbini tukipiga makofi. Ya pili ilifaa, na mashua yangu inaitumia mpaka leo. Kilichozitofautisha ni hali ya maji siku waliyokuja kupima.

Wewe ni mtu wa bahari, lakini wacha nilieleze kwa ajili ya wengine wanaosoma. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukishaandama na ukishapevuka, maji hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi huwa yamepwa mpaka mwisho, tope na mawe yako nje. Wiki moja baadaye, maji mafu, saa ile ile nne ya asubuhi maji yamekuja juu na kutulia ukutani kama maji ya birika. Sasa angalia saa ya kazi ya watu wa ofisini. Waliokuja kupima diko letu walikuja mwezi ukiwa na siku tisa. Walishuka kwenye boti na viatu vyao bila kulowa, wakapima ukuta, wakatumbukiza mti wao wa kupimia, wakapiga picha, na saa sita wakawa wamekwenda kula. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Walipima walichokiona.

Siku ya kikao tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukaonyeshwa picha ya rangi yenye ngazi pana za zege, taa, na watoto wanacheka. Tukaulizwa: mnataka ngazi? Tunataka. Mnataka taa? Tunataka. Mzee wetu mmoja, nahodha aliyesafiri mpaka Kismayu kwa tanga, aliinua mkono akasema kwa Kiamu chake: "Wanangu, mai haya si ya kuyaamini. Ndooni siku ya bamvua muone." Aliyekuwa akiongoza kikao akamshukuru sana, akampa maikrofoni mwengine. Maneno ya mzee hayakuandikwa. Najua hayakuandikwa kwa sababu baadaye niliomba ripoti, na mchango wa diko zima ulikuwa mstari mmoja: wananchi waliunga mkono mradi.

Ngazi zikajengwa, na zilijengwa vizuri, sitasema uongo. Bamvua ya kwanza ilipokuja, kipandio cha mwisho kilikuwa kinaning'inia juu ya tope kimo cha kiuno cha mtu mzima, na kutoka pale mpaka yalipo maji ni hatua arubaini za tope laini. Mashua zimerudi na samaki, zimekaa nje kule, haziwezi kusogea. Vijana wanavuka tope na makreti kichwani, wakifika ngazini lazima mmoja apande kwanza, mwingine amwinulie. Mama mmoja wa karanga, wale wanaonunua samaki wadogo na kuwakaanga, aliteleza pale akavunjika kifundo cha mkono. Miezi miwili hakushika karai. Na kila saa unayongoja maji, barafu inayeyuka, tajiri anayenunua anaangalia macho ya samaki na kushusha bei. Mimi niliyekuwa wa kwanza kuandika jina kwenye karatasi ya mahudhurio ya kikao kile nilikuwa naona aibu kupita pale.

Kazi ya pili ilikuja baada ya miaka minne, upande wa pili wa diko lile lile. Safari hii hatukungoja ukumbi. Tuliandika barua, tukasema tunawakaribisha pwani siku ya tatu ya mwezi, saa nne asubuhi, na tukaeleza kwa nini siku hiyo. Wakasita, maana kalenda yao ilikuwa na siku nyingine. Tukakataa kutia saini mahudhurio ya siku nyingine yoyote mpaka waje hiyo. Wakaja.

Tulikuwa tumechukua boriti tatu za mkoko, tukafunga tambara jekundu juu ya kila moja. Ya kwanza tuliichimbia yanapofika maji ya bamvua yakijaa, ya pili yanapopwa maji mafu, ya tatu kule kwenye ukingo wa maji yalivyopwa siku ile. Yule mhandisi kijana alisimama ukutani akaziangalia. Akavua viatu, akakunja suruali, akashuka. Tope lilimfika kwenye muundi. Alikwenda mpaka boriti ya tatu, akageuka, akawa anatuangalia sisi tulio ukutani kutoka kule chini, kimya. Tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua hapa kwetu inakaribia mita 3, na kuijua kwa tarakimu si sawa na kusimama chini yake ukitazama juu. Aliporudi hakuuliza tena kama tunataka ngazi. Aliuliza mashua kubwa kuliko zote hapa inahitaji kina gani ikiwa imebeba, na yule nahodha mzee ndiye aliyemjibu, kwa kumwonyesha alama ya maji ubavuni mwa jahazi.

Kilichojengwa kilikuwa mteremko mrefu wa zege uliochanwa mistari usiteleze, unaoshuka mpaka boriti ya tatu, na pembeni yake gati fupi linaloelea, lililofungwa kwenye nguzo, linalopanda na kushuka na maji. Mwenye miguu mibovu anashuka. Mwenye toroli anashuka. Si kamilifu: minyororo ya gati inataka kuangaliwa kila kusi ikiingia, na mteremko usiposuguliwa huota majani ya kijani yenye utelezi. Lakini samaki anafika kwenye barafu saa anayofika nahodha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kufikiria useme nini, fikiria kikao kifanyike wapi na maji yakiwa vipi.

Na mtu akikwambia kwamba lile tope nje ya ukuta si lako kulisemea, mwambie kwa adabu asome Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 62. Ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa imetajwa pale kuwa ardhi ya umma, inashikwa kwa amana kwa niaba ya wananchi. Pale zilipo boriti zako tatu ndipo inapozungumziwa. Ibara ya 10 nayo inahesabu ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa, na Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sisi tuliitumia hiyo ya 35 kuomba michoro wiki mbili kabla. Tulipoipata tuliibandika kwenye banda la samaki, mwenye kalamu akaandika juu yake. Kufika siku ya kikao mchoro ulikuwa na madoa ya samaki na alama za mikono ya watu thelathini.

Kwenye mchoro ule ndipo fundi mmoja wa mashua alipoliona jambo ambalo mimi katibu sikuliona kabisa. Ile ardhi ya mchanga iliyoinama, kusini ya banda, ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu: kabro, vile vitofali vya kutandika chini, na viti vya saruji. Kwa mgeni ni mahali patupu. Kwetu ndipo mashua inapoegeshwa. Unaileta maji ya bamvua yakijaa, unaiegemeza kwa magogo, maji yakipwa inabaki kavu, nawe una saa kadhaa za kufanya kazi kabla hayajarudi. Fundi anakaa chini ya ubavu, anachokoa pamba kuukuu kwenye maungio ya mbao, anasokota pamba mpya iliyolowa mafuta, anaisukumiza kwa patasi na nyundo, tak tak tak, kisha anapaka sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake huijui mpaka uinuse. Kukalafati hakufanyiki juu ya kabro. Magogo hayasimami, na mashua ikilala vibaya inapasuka ubao. Pangefunikwa pale, kila mwenye mashua angelazimika kwenda kuomba mahali kwenye vijiji vya Matondoni au Kipungani kwa kazi ya asubuhi moja. Tukapigania mchanga ule ubaki mchanga. Viti vikahamia juu, kwenye kivuli cha mwarobaini, na wanaopunga upepo wanatazama mafundi wakifanya kazi. Watoto wanajifunza pale.

Wanawake wa karanga ndio tuliokaribia kuwaacha nje kabisa. Kikao saa nne maana yake saa ambayo mashua zinarudi, na mama wa karanga hawezi kuacha mashua akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki. Tukawafuata wenyewe baada ya adhuhuri, tukaandika. Wao hawakuzungumzia gati. Walitaka bomba la maji baridi, yasiyo ya chumvi, karibu na meza za kupasulia, mfereji wa kupeleka matumbo na damu mbali na pale watoto wanapoogelea, na choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Hilo la choo lilikataliwa mara ya kwanza kwa kuwa eti halihusu uvuvi. Linahusu.

Mengine nitayapitia haraka. Boti za abiria za kwenda Mokowe, ng'ambo bara, zisishirikiane mahali pa kufunga na mashua za samaki, maana injini ya boti ikivutwa kwa haraka inakata kamba ya nanga ya mwenzio. Wekeni kila mmoja upande wake. Taa ziangaze chini, zisielekee baharini, nahodha anayeingia usiku haoni kitu akipigwa na mwanga machoni. Na wazee na watoto wanaovua kwa mshipi wakiwa wamekaa ukutani wasisahauliwe: vyuma vya kuzuia watu wasianguke viwe na nafasi zilizoachwa, vinginevyo watavua wakiwa wamepanda juu ya vyuma. Kama pwani yenu imo ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulizeni mapema watu wa makumbusho wanasemaje kuhusu mawe na chokaa. Mradi unaweza kukwama kwa ajili ya ukuta wa zege tu.

Kuna wenzetu wamekwambia hapo juu kwamba maoni hayabadilishi kitu, mwishowe watu huenda mahakamani. Mimi siwalaumu, nimeyaona. Lakini tazama kesi ya wenyeji dhidi ya serikali juu ya bandari mpya ya Lamu. Ilifunguliwa mwaka 2012, hukumu ya Mahakama Kuu ikatoka 2018, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na mojawapo ya mambo ambayo majaji waliyakuta ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ilikuwa haki, na nilifurahi. Ila hesabu miaka: sita, kabla ya rufaa, na bahari ile imeshachimbwa. Boriti tatu na barua moja vilituchukua wiki tatu.

Barua yenyewe iwe fupi. Sisi yetu ilikuwa kurasa mbili: vipimo vya boriti tatu, idadi ya mashua na boti zilizofunga pale tulivyozihesabu mchana na usiku kwa siku saba, mchoro wetu wa mkono, na majina ya vikundi vilivyokubali. Mwisho tukauliza nani atalipia taa ikiungua na nani atasugua mteremko. Swali hilo liliwachelewesha kuliko yote, na jibu lake ndilo lililoingizwa kwenye bajeti ya kila mwaka. Peleka nakala mbili, moja wapige mhuri wa kupokea, uiweke wewe. Usimpe mtu nakala yenye mhuri hata akiwa ndugu yako.

Sasa kuhusu kikao chenu. Tarehe uliyoitaja nimeihesabu kwa mwezi, itaangukia siku ya nane au ya tisa. Maji mafu. Saa nne asubuhi maji yatakuwa ukutani na kila kitu kitapendeza. Andikeni leo kuomba kisogezwe mbele siku saba, mpaka baada ya mwezi mpevu. Wakikataa, bado una bamvua moja kabla ya hapo, ya mwezi kuandama, na ni siku chache zijazo. Tafuta boriti tatu, tambara jekundu, na kijana mwenye simu nzuri ya kupiga picha, mshuke saa nne kasorobo. Picha ipigwe kutoka chini, kwenye boriti ya tatu, ikitazama juu ukutani. Mtu asimame kwenye ngazi ya mwisho ili urefu uonekane.