Mwanajeshi mstaafu halali usiku na hospitali hataki: afisa ustawi aanzie wapi?

SWALI: Mimi ni afisa ustawi wa jamii ngazi ya wilaya, mkoani Iringa. Mama mmoja amekuja ofisini kwa ajili ya mumewe, mwanajeshi mstaafu wa miaka 52 aliyekwenda Congo mwaka 2013 na kikosi cha Umoja wa Mataifa. Usiku anaamka akipiga kelele, anazunguka nyumba na panga, anakunywa ulanzi na gongo, na majuzi alimwambia mkewe, "Nikiondoka mtapumzika." Akitajiwa hospitali anajibu kwamba yeye si kichaa. Nilipomwomba anieleze yaliyompata vitani, aliinuka akaondoka. Nianzie wapi? Na ule mpango wa usalama tuliofundishwa semina, unajazwaje usiishie kuwa karatasi ya kwenye faili?

JIBU: Ndugu Afisa, anzia kwenye ile kauli ya "nikiondoka mtapumzika". Mengine yatafuata. Mtafute asubuhi kabla hajanywa, mkewe akiwa pembeni, na umpe kiti kinachotazama mlango. Mwite Afande hata kama alistaafu zamani, na kama amekuzidi umri shikamoo isisahaulike. Kisha uliza waziwazi: "Afande, kuna wakati umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Usilikwepe kwa neno "kujidhuru", maana wapo wanaojibu hapana kwa hilo huku kamba imeshaandaliwa. Akikubali, fuatisha: mara ngapi, kwa njia gani, chombo kiko wapi, lini, na kama aliwahi kujaribu. Mwenye njia, chombo na nia ya sasa haachwi peke yake hata kwa saa moja. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo akiwa na ndugu.

Hapo kuna kikwazo cha kisheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtu aliyeishi kwa amri na sheria analijua hilo vizuri kuliko unavyodhani. Mwambie mapema kwamba kuwa na mawazo hayo si kosa, kwamba umekuja kwa ajili ya matibabu, na umweleze ni mambo gani utalazimika kumwambia mtu mwingine: hatari kwa maisha yake au ya mwingine, basi.

Kuinuka kwake na kuondoka kulisababishwa na swali lako la vita. Hadithi ya vita haihitajiki siku ya kwanza, na mara nyingi si kazi ya afisa ustawi kuichimba kabisa. Ikifunguliwa bila ratiba ya tiba, mteja anarudi nyumbani na jeraha bichi na chupa iko karibu. Lakini ujue alikotoka. Brigedi iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la Machi 2013, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ilipewa amri ya kushambulia waasi, na ilipigana na waasi wa M23 mwaka huohuo. Watu wanaposikia "kulinda amani" wanadhani alisimama kwenye kizuizi akipunga mkono. Ukimwambia hivyo umempoteza.

Uliza ya sasa. Kipimo kifupi cha kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, kiitwacho PC-PTSD-5, kina maswali matano ya ndiyo au hapana kuhusu mwezi uliopita: jinamizi au kumbukumbu zinazojileta zenyewe, kukwepa mawazo au mahali panapokumbusha, kukaa macho na kushtuka ovyo, kuhisi ganzi au kutengwa na watu, na hatia au lawama isiyokoma. Ndiyo tatu au zaidi zinatosha kuendelea na kipimo kirefu zaidi, PCL-5, chenye maswali 20 na alama 0 hadi 80. Alama kati ya 31 na 33 kwenda juu zinaashiria kiwewe kinachohitaji uchunguzi kamili. Zinaashiria tu. Jina la ugonjwa litatolewa na daktari au mwanasaikolojia tiba. Rudia PCL-5 kila baada ya wiki nne, na zikiwa zimepungua kwa alama zisizofika 10 usitangaze ushindi.

Uliza pia kuhusu milipuko: aliwahi kupoteza fahamu, kichwa kinauma, anasahau? Na mke aulizwe kama baada ya kelele za usiku mume hujikuta ameuma ulimi au amejikojolea. Hapo huenda ni kifafa, na jinamizi linasingiziwa bure.

Pombe sasa, kwa sababu hapa ndipo nia njema inapoweza kuua. Usimwambie aache leo. Mtu anayekunywa kila siku akikata ghafla, mtetemeko huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege linaweza kuja ndani ya saa 48 za kwanza, na kuchanganyikiwa kwa homa na kuona vitu visivyokuwepo huja zaidi kati ya saa 48 na 96. Hali hiyo ya mwisho inaua. Swali la kumuuliza ni moja: "Asubuhi kabla ya kunywa, mikono inatetemeka?" Akisema ndiyo, au aliwahi kupata degedege alipoacha, kuacha kwake kufanyike hospitali, na apewe thiamini (vitamini B1) kabla ya maji yenye glukosi. Kupima kiasi si rahisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi, lakini nguvu ya gongo haijulikani na inabadilika kutoka mpishi hadi mpishi, kwa hiyo andika idadi ya glasi, saa ya glasi ya kwanza na siku asizokunywa. Angalia na msimu. Ulanzi unapatikana kwa wingi wakati wa mvua, na ukikauka wengi huhamia kwenye gongo. Mteja atakuambia "nimepunguza ulanzi" na atakuwa anasema kweli.

Mpango wa usalama ulitungwa Marekani na Barbara Stanley na Gregory Brown, na umetumika sana kwa wanajeshi wastaafu wa huko. Una hatua sita: dalili za kwanza kwamba hali inakuja, anachoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu, na kuweka mbali vyombo vya kujiua. Unaishia kuwa karatasi kwa sababu afisa ndiye anayeujaza. "Nikiwa na sonona" ni lugha yako. Yeye atasema "nikianza kuhesabu milango" au "nikikaa nyuma ya ghala peke yangu". Andika hivyohivyo. Kwenye hatua ya pili "nitasali" haitoshi: sala ipi, wapi, na saa tisa usiku itawezekana? Kila jambo lililoandikwa, muulize nini kitamzuia kulifanya. Waliotajwa hatua ya nne wapigiwe simu mbele yako, vinginevyo shemeji yake atapokea simu usiku wa manane bila kujua anatakiwa afanye nini. Iandikwe kwenye kadi inayoingia kwenye kava ya simu. Mkataba wa "naahidi sitajiua" achana nao, unamtuliza afisa tu.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa na ndiyo yenye uzito. Iringa kunakolimwa nyanya, dawa ya wadudu iko chini ya kitanda au jikoni. Ihamie kwa jirani au kwenye stoo ya kufuli ambayo ufunguo hana. Uliza gobore, uliza bunduki yenye kibali, na uliza kazi anayofanya sasa: wastaafu wengi ni walinzi wa usiku wanaokabidhiwa silaha lindoni. Usimnyang'anye, mpe nafasi ya kuamua nani amtunzie na kwa muda gani, na silaha ya kibali ihifadhiwe kwa kufuata utaratibu wa polisi. Panga nalo litoke chumbani. Akikataa kabisa, anza na umbali: kutoka chini ya mto hadi nje ya chumba.

Mpigie au mtembelee ndani ya saa 24 hadi 72. Usiseme "nitakucheki", taja siku na saa.

Kwa usingizi, mfundishe mke kwanza. Asimguse anapoweweseka; asimame mbali upande wa miguu, awashe taa, aite jina lake na kumwambia yuko nyumbani, yuko wapi, ni nani anaongea. Doria ya usiku haizuiliki kwa amri. Mkubaliane azunguke mara moja, akiwa na tochi bila panga, kisha alale. Saa ya kuamka iwe ileile kila siku. Kwa jinamizi linalojirudia, mchana aandike upya mwisho wa ndoto anavyotaka yeye, aupitie akilini dakika 10 hadi 20 kila siku. Kwa kawaida inahitaji wiki kadhaa.

Rufaa usiianzie kwa kutaja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, jina hilo mitaani ni tusi. Anza na usingizi: "Kuna daktari wa kulala usingizi." Hilo ni kweli na ndilo analolitaka. Kuna tiba za mazungumzo zilizothibitishwa, mojawapo ya vikao 12, nyingine vikao 8 hadi 15 vya dakika 90. Kwa dawa, setralini, ya sonona na kiwewe, huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi, kwa hiyo mwandae mapema asiache wiki ya pili. Diazepamu, dawa ya kutuliza, kila usiku si tiba ya kiwewe, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi. Akiandikiwa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, mwombe daktari atoe ya wiki moja au mbili na mke aitunze, maana ikizidishwa inaua moyo.

Familia ikisema ni damu za watu aliowaua, usibishane. Uliza wanataka kufanya nini, kubalianeni asifungwe wala asinyimwe chakula au dawa, na kama hatia ndiyo inayomla, sheikh au padri anayemheshimu aingizwe kwa ridhaa yake.

Mwisho, weka kwenye kalenda yako tarehe zake, si zako tu: 25 Julai ya Mashujaa, 1 Septemba ya jeshi, usiku wa mwaka mpya wenye fataki, na siku aliyompoteza mwenzake. Panga ziara siku mbili kabla ya kila moja.