Boti ya doria ya PBR: kutu iondoke, nyayo zije

SWALI: Fundi, heshima yako. Nimeunda modeli ya boti ya doria ya mtoni ya jeshi la majini la Marekani, PBR Mk II (toleo la pili), kipimo cha 1:35, na naitengenezea diorama, yaani mandhari ndogo ya mfano, ya delta ya mto Mekong, Vietnam, mwaka 1968. Nimeipaka kijani, nimetia michirizi ya kutu ubavuni, nimechubua kingo zote kwa rangi ya fedha na nimeweka mabaharia wanne. Resini angavu ya kumimina kwa ajili ya mto nimeshanunua. Viungo vimekaa vizuri na rangi haina doa, lakini nikiitazama bado naona toi. Niongeze nini? Na kwa kuwa boti iko majini, niipake yote vanishi inayong'aa?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kuongeza chochote kuna vya kuondoa, na cha kwanza ni hiyo kutu. Ganda la PBR ni faibaglasi. Boti hizi ziliundwa na kampuni ya United Boatbuilders ya Bellingham, jimbo la Washington, kwa umbo lililotokana na boti za starehe, na za kwanza zilifika Vietnam Machi 1966. Faibaglasi haishiki kutu hata ikilowa miaka. Ikikwaruzwa haitoi mng'ao wa chuma. Inabaki na mstari uliofifia, wa kijani iliyopauka au weupe mchafu. Kwa hiyo michirizi ya kahawia ubavuni, na ile rangi ya fedha kwenye kona za ganda, vinamwambia mtazamaji kwamba boti imepakwa kwa mazoea ya kupaka vifaru. Futa. Rudishia kijani, kisha pitisha mikwaruzo michache kwa brashi nyembamba yenye kijani hiyohiyo uliyoichanganya na rangi ya mchanga.

Rangi ya fedha ina mahali pake, ila ni mahali pamoja tu. Kwenye Mk II ukingo wa juu wa ubavu uliwekewa alumini, na sababu yake ndiyo itakayokuongoza kwenye kazi yote iliyobaki. Kutwa nzima boti hizi zilisimamisha sampani, mashua ndogo za mbao za wenyeji, na kuzivuta ubavuni zikaguliwe, na mbao za sampani zikawa zinausugua ukingo wa faibaglasi hadi kuula. Basi mchubuko wako uanzie hapo. Chukua kipande kidogo cha sponji ngumu, kichovye kwenye kijivu iliyokolea, kikaushe juu ya karatasi hadi kibaki na rangi kidogo tu, kisha kiguseguse kwenye ukingo wa upande mmoja, kuanzia katikati ya boti kuelekea tezi, yaani nyuma. Ikikauka, pitisha penseli laini ya risasi juu ya mchubuko huo huo. Upande wa pili upate nusu yake au pungufu. Boti iliyochakaa sawasawa pande zote ni boti ambayo hakuna aliyeifanyia kazi.

Shauri langu kuu ni hilo: kila doa liwe na mtu aliyelisababisha. Usipake uchakavu kwanza ndipo utafute maelezo yake. Jiulize nani alipita, alishika wapi, alikanyaga nini kabla hajapanda. Sitaha yako, kwa mfano. Baharia wa rashasha ya mbele hakushuka kutoka mbinguni. Aliingia kwenye kibanda chake kwa kupanda ukingo, akashika palepale kila siku. Nahodha alisimama nyuma ya usukani kwa saa nyingi. Kwa hiyo sakafu ya usukani ina mng'ao wa kusuguliwa, ukingo wa kibanda umechakaa pale miguu inapovuka, na sehemu kubwa ya sitaha ya omo, yaani mbele, haina chochote ila vumbi na tope lililokauka. Sakafu za boti hupakwa rangi ya chengachenga ili mtu asiteleze. Kwenye 1:35 chenga hizo karibu hazionekani, kwa hiyo nyunyiza unga laini kama poda ya mtoto juu ya vanishi mbichi, upulize unaozidi, kisha upake rangi. Mchanga, hata ule mwembamba kabisa, utaonekana kama kokoto.

Tuingie kwenye kibanda cha mbele, maana hapo ndipo macho ya kila mtazamaji yatakapotua. Pana rashasha mbili za M2 za kaliba .50 zilizofungwa sambamba. Mitutu usiipake nyeusi. Paka kijivu iliyokolea sana, iache ikauke, kisha sugua unga wa penseli kwa ncha ya kidole kwenye pembe tu. Tundu la mtutu litoboe kwa keekee ya mkono, sindano ya milimita 0.4, ukilipaka weusi bila kulitoboa linabaki kibonyeo, na kila mtu anajua. Halafu maganda ya risasi. Ganda la risasi ya M2 lina urefu wa milimita 99, na kipenyo chake kitakoni ni milimita 20 hivi. Kwenye kipimo chako ni kama milimita 2.8 kwa 0.6. Nunua waya wa shaba ya njano wa 0.6, uviringishe chini ya wembe juu ya kigae ili ukatike mraba badala ya kuminywa na koleo, na uzungushie ncha moja kwenye msasa iwe nyembamba kidogo. Vipande thelathini vinatosha.

Sasa, vinaanguka wapi? M2 hutema maganda kwa chini, na viungio vya mkanda wa risasi hutokea ubavuni. Kwa hiyo maganda yako yalale sakafuni mwa kibanda, chini ya bunduki, yakijikusanya kwenye kona iliyo chini zaidi kwa jinsi boti ilivyoinama. Naona diorama nyingi ambazo maganda ya njano yametapakaa sitaha nzima hadi kwenye omo, kama mchele wa harusi. Yang'arishe machache tu. Mengine yafifishe kwa rangi ya kahawia iliyozimuliwa, kwa sababu ni ya jana. Maganda ya M60, rashasha ndogo kuliko M2, ni mafupi zaidi, milimita 1.5 kwenye kipimo hiki, nayo hutokea upande wa kulia wa bunduki. Kama baharia wako wa M60 hapigi risasi, usiyaweke kabisa.

Kuhusu mizigo, punguza. Najua seti za ziada zinauzwa zimejaa makasha, madumu, helmeti na mifuko, na mkono unawasha. Lakini boti hii ilikuwa salama kwa kasi yake, na kasi ilitegemea ganda kuinuka juu ya maji. Mabaharia waliokuwa juu yake hawakupenda uzito usio na kazi. Waliyoyahitaji ni risasi, na risasi nyingi, hivyo masanduku ya chuma ya risasi yawepo karibu na kila bunduki. Sanduku la kaliba .50 kwa kipimo chako ni milimita 8 kwa 4.4, kimo 5.3. Moja liwe wazi, mkanda umetoka. Hapa kutu unaruhusiwa, kwenye bawaba na pembe za chini zinazokaa kwenye maji ya sakafuni. Ongeza pondo au fimbo yenye kulabu, koili moja ya kamba, maboya ya kuokolea, na dapra (mto wa kukinga ubavu) moja au mbili upande ule wa kukagulia sampani. Inatosha.

Kamba inamsaliti mtu haraka. Kamba ya kufungia boti yenye unene wa milimita 18 inakuwa nusu milimita tu kwenye 1:35. Uzi wa pamba una manyoya. Uvute kwanza kwenye nta ya mshumaa. Na kamba halisi ina uzito, hivyo inajilaza na kufuata kila kitu kilicho chini yake. Ilowanishe kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, ilaze, kisha iminye kwa kijiti cha mbao hadi ishike sakafu. Turubai la juu ya usukani lina tabia hiyo hiyo. Lile la plastiki lililokuja na seti ni nene kama ubao. Litengeneze upya kwa tabaka moja la tishu lililolowekwa kwenye gundi hiyo, ulitandaze juu ya fremu na uliache libonyee kidogo katikati ya vyuma. Rangi yake isifanane na ya ganda. Kitambaa hupauka juani mapema kuliko rangi ya boti.

Tuje kwenye mto, ambako nadhani ndiko toi yako inakotoka hasa. Hiyo resini angavu iweke kabatini. Maji ya Mekong yamebeba udongo, na kwenye delta ni ya kahawia, hayapenyezi macho. Mto wa namna hii hautengenezwi kwa kina bali kwa uso. Chonga kitako cha povu gumu au plasta, tengeneza mawimbi madogo, paka kahawia ya njano iliyotiwa kijivu na tone la kijani, ukibadilisha kidogo kidogo ili isiwe zulia. Ikikauka, tandaza jeli ya akriliki inayong'aa kwa tabaka nyembamba, ukiichokonoa kwa brashi fupi kadiri inavyoanza kushika. Tabaka tatu zilizokauka kabisa ni bora kuliko moja nene iliyobaki na ukungu ndani.

Kabla ya hapo lazima uamue: boti imesimama au inakwenda? PBR iliyosimama huzama kama sentimita 60, yaani milimita 17 kwenye kitako chako. Ikikimbia kasi kamili, kilichobaki majini ni sentimita 23 hivi, sawa na milimita 6 au 7, na omo imeinuka. Ukiiweka katikati ya hali hizo mbili haiwi chochote. Kumbuka pia kwamba haina rafadha (panga la kusukumia maji) wala usukani wa ubao chini ya maji. Injini mbili za dizeli zinaendesha pampu mbili zinazofyonza maji chini ya ganda na kuyatema nyuma kwa nguvu. Povu lako, kama inakwenda, lianzie kwenye midomo hiyo miwili pale tezi, mistari miwili inayokutana baadaye.

Mimi ningeisimamisha, kwa sababu boti iliyosimama inakupa mambo ya kusimulia. Pampu hizo zilifyonza maji na pia zilifyonza majani, na magugu maji yamejaa kwenye mito ile. Boti inayotolewa magugu kwenye mlango wa pampu, baharia mmoja kapiga magoti tezi, mwenzake kashika pondo, ni tukio lenye sababu. Magugu yenyewe ni rahisi: paka karatasi nyembamba kijani mbili tofauti, mbele na nyuma, kisha itoboe kwa sindano nene ya bomba iliyonolewa mdomo. Vijiduara vya milimita 2 vitatoka. Vikunje kidogo kwa kibano na uvipange katika vishada. Vishada vijirundike upande mkondo unakotoka, na uso wa maji uonyeshe mpasuko kwenye omo. Chora mshale wa mkondo na mshale wa upepo kwa penseli pembeni mwa kitako kabla hujagundisha hata jani moja. Bendera, antena, majani ya ukingoni na viwimbi vifuate mshale wao. Diorama ambayo bendera inavuma kushoto na mawimbi yanakimbia kulia huwa inamsumbua mtu hata kama hajui kinachomsumbua.

Ukingo wa mto nao una saa yake. Kujaa na kupwa kwa bahari huingia mbali ndani ya delta. Karibu na pwani tofauti hufika mita 3 hivi, zaidi ya sentimita 8 kwako. Maji yakiwa yamepwa, mashina ya nipa (mti wa jamii ya mnazi) au mizizi ya mikoko iwe na tope hadi urefu mmoja, mstari ulionyooka kabisa kwa usawa wa maji hata kama ukingo wenyewe umeinama. Upime kwa penseli iliyofungwa kwenye kibao, uizungushe pande zote. Chini ya mstari tope ling'ae, juu yake lipauke.

Mabaharia wanne ndio idadi sahihi ya kikosi cha PBR, na mara nyingi polisi wa Vietnam Kusini alikuwamo kwa ajili ya ukaguzi, kwa hiyo unaweza kuongeza mtu wa tano. Kosa la kawaida ni kuwafanya wote watazame kitu kimoja. Mtu wa rashasha ya mbele anatazama ukingo, siyo magugu. Halafu boti hizi zilikwenda mbili mbili. Nahodha wako akitazama nje ya kitako, kule mwenzake aliko, umeshaongeza boti ya pili bila gharama. Bereti nyeusi mmoja au wawili, wengine helmeti au kichwa wazi. Miguu itobolewe na kufungwa kwa waya wa 0.6, maana gundi peke yake huacha mwanya chini ya soli.

Vanishi inayong'aa kwa boti nzima: hapana. Jua la kule hukausha sitaha haraka. Paka isiyong'aa kila mahali, halafu rudisha mng'ao kwa brashi ndogo pale tu maji yalipofika: ukanda wa milimita 5 juu ya mstari wa maji, matone mawili matatu ubavuni chini ya pondo, kidimbwi kwenye kona ya sakafu, nyayo za yule aliyepiga magoti. Ukishagundisha boti kwenye mto, zungusha jeli ya akriliki kwa ncha ya kijiti kuzunguka ganda lote, ili mwanya kati ya ganda na maji uzibike. Iache usiku kucha, na kama imenywea pitisha mara ya pili.