Picha ya mikono imerudi safi, vidole bado vimevimba: jibu kuhusu eksirei, altrasaundi na MRI katika baridi yabisi

Ndugu uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili kabla ya kuandika. Umesema mama yako ana miaka 44, vifundo vya vidole vyake vimevimba mikono yote miwili kwa miezi mitano sasa, na kila asubuhi huamka vimekakamaa kiasi kwamba hupita zaidi ya saa moja kabla hajaweza kujifunga kanga. Picha ya eksirei imerudi na ripoti inayosema mifupa haina tatizo, lakini daktari anasema ni baridi yabisi na anataka kumwanzishia methotreksati. Mjomba wako anaona dawa isubiri mpaka ukoo uchangishane fedha za MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku, na wewe unauliza ni picha ipi hasa inayoonyesha kiungo kinachoharibika. Mimi ni mteknolojia wa radiolojia. Nimepiga picha za mifupa kwa miaka 19 katika hospitali za Tanzania, nikianzia wakati tulipokuwa tukisafisha filamu kwenye chumba cha giza, na mama yangu mdogo ana ugonjwa huo unaotajwa kwa mama yako. Sina mamlaka ya daktari wa viungo, kwa hiyo nitajibu upande ninaoujua, ambao ni upande wa picha.

Kwa mgonjwa wa miezi mitano, picha safi ndiyo ninayoitarajia. Eksirei huuona mfupa kwa sababu ya kalsiamu iliyomo ndani yake. Gegedu, yaani ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa, pamoja na utando na maji ya kiungo, hupitisha mionzi karibu sawa na nyama iliyovizunguka, na kwa hiyo hatuvioni vyenyewe, bali tunakisia hali ya gegedu kwa kupima uwazi uliobaki kati ya mfupa na mfupa. Sasa, baridi yabisi haianzii kwenye mfupa. Huanzia kwenye ule utando laini unaokizunguka kiungo kwa ndani, ambao huvimba, hunenepa na kujaa mishipa midogo ya damu, kisha hutambaa juu ya gegedu na kuanza kuutafuna mfupa pembeni mwa kiungo, mahali ambapo gegedu huishia na mfupa hubaki bila kifuniko. Ndiyo maana tundu la kwanza tunalitafuta pembezoni, kwenye kona za vichwa vya mifupa, wala hatulitafuti katikati. Hata ule ufifiaji wa mfupa karibu na kiungo, ambao mara nyingi hutangulia matundu, hauonekani vizuri kwa macho mpaka madini yapungue kwa kiasi cha asilimia 30 hivi. Yote hayo huchukua miezi, pengine miaka, na tundu likishaingia ni nadra lijijaze tena.

Kwa hiyo daktari wa mama yako hapingani na picha. Wataalamu wa Marekani na Ulaya walipotoa kwa pamoja vigezo vipya vya ugonjwa huu mwaka 2010, hawakuiweka eksirei miongoni mwa vitu vinavyohesabiwa alama, ingawa vigezo vya zamani vya mwaka 1987 vilikuwa nayo. Kinachohesabiwa ni idadi na aina ya viungo vilivyovimba au vinavyouma, vipimo vya damu vya reumatoidi fakta na anti-CCP, dalili za uvimbe katika damu kama ESR na CRP, na kama hali hiyo imefikisha wiki 6. Nia yao ilikuwa mgonjwa atambuliwe na kutibiwa wakati picha yake bado ni safi, kwa sababu dawa kama methotreksati huzuia mfupa kuliwa na haina uwezo wa kurudisha ulioliwa.

Jambo hili nalisema kwa uchungu kwa sababu ya mama mdogo. Yeye ni fundi cherehani, na mwaka 2008 alianza kushindwa kushika mkasi asubuhi. Katika hospitali aliyokwenda alipigwa picha ya mkono wa kulia peke yake, kwa kuwa ndio uliomuuma zaidi siku ile. Ripoti ikasema kawaida, naye akaambiwa kwamba hana ugonjwa wa viungo. Alirudi nyumbani na vidonge vya maumivu, akaviegemea kwa miaka mitatu. Mimi nilikuwa nafanya kazi mkoa mwingine, na kwenye simu aliponiambia kwamba picha haikuonyesha kitu, nilifarijika pamoja naye badala ya kumuuliza alipigwa picha gani. Mwaka 2011 alikuja kunitembelea, nikamwona akinyanyua kikombe kwa viganja viwili. Tulimpiga mikono yote na miguu yote. Kifundo cha kidole kidogo cha mguu wa kushoto, ambacho hakuwahi kukilalamikia hata siku moja, kilikuwa na matundu mawili. Vifundo vya kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimeliwa kona. Uwazi kati ya vifupa vya kiwiko cha mkono wa kulia, pale kiganja kinapoungana na mkono, ulikuwa umebana karibu kufungana. Tulipoomba filamu ya mwaka 2008 ili tujue uharibifu ulianza lini, tuliambiwa haipo tena.

Kwa sababu hiyo nakuomba uitazame kwanza picha aliyokwisha kupigwa mama, kabla ya kufikiria nyingine. Je, ni mikono yote miwili? Je, miguu imo? Baridi yabisi ina tabia ya kushambulia pande zote mbili, na vifundo vya mbele vya miguu, hasa kile cha kidole kidogo, huweza kuonyesha matundu kabla ya mikono, hata kwa mgonjwa asiye na maumivu ya mguu. Picha ya mkono mmoja kwa mgonjwa wa aina hii ni nusu ya nusu ya kazi. Viganja hulazwa bapa, vidole vikiachana kidogo, mgonjwa akiwa amekaa na mkono wote umetulia juu ya meza. Pete na bangili huvuliwa, kwa maana chuma huficha kile kile tunachokitafuta. Picha ya mkono maarufu kuliko zote, ile aliyoipiga Wilhelm Röntgen mwezi Desemba 1895, wiki chache baada ya kuigundua mionzi hii, ni ya mkono wa mke wake, na pete yake imesimama pale kama doa jeusi lisilopenyeka. Kwa wagonjwa wa viungo mimi huongeza pozi la pili, ambapo viganja hugeuzwa nusu kama vya mtu anayejiandaa kudaka mpira, kwa kuwa pozi hilo hufunua kona za vifundo ambazo kwenye pozi la kwanza hufunikwa na mfupa wenyewe. Si kila kituo hulifanya bila kuombwa. Daktari akiliandika kwenye fomu, litafanywa.

Kuhusu hofu ya mionzi, ambayo najua itajitokeza nyumbani mara tu utakaposema anapigwa tena: picha ya mkono hutoa kiasi cha milisiveti 0.001 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini), wakati mwanadamu wa kawaida duniani hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani, katika hewa na katika chakula. Picha moja ni sawa na saa chache za kuishi tu. Akiwa na uwezekano wa kuwa mjamzito aseme mapema, na atamke hivyo pia kwa daktari, kwa kuwa methotreksati ni hatari kwa mimba kuliko picha ya kiganja.

Sasa niseme kuhusu altrasaundi, ambayo katika hali ya mama yako ningeitafuta kabla ya MRI. Altrasaundi huuona ule utando wenyewe: unene wake, maji yaliyojikusanya, na kwa kutumia Dopla, damu inayopita ndani yake, ambayo kwenye skrini huwaka rangi nyekundu au ya machungwa mahali ambapo pasingetakiwa kuwaka kitu. Huona pia matundu madogo kwenye kona za mfupa zinazofikika kabla eksirei haijayaona, mradi yathibitishwe kwa kugeuza kichwa cha mashine katika pande mbili, kwani upande mmoja huweza kudanganya. Haina mionzi, na mgonjwa anaweza kuonyesha kidole kinachouma kikatazamwa pale pale. Upungufu wake ni kwamba inategemea sana mkono na jicho la anayeishika. Mtu aliyebobea katika ujauzito na tumbo hawi hodari wa vifundo vya vidole kwa sababu tu mashine ni ile ile. Tena kichwa cha mashine kinachofaa vidole ni kile bapa cha masafa ya juu, tofauti na kile cha tumbo. Ulizeni kwa adabu kabla ya kulipa: je, hapa mnapima viungo vidogo, na mnatumia Dopla? Mwenye uzoefu hatakasirika kuulizwa.

MRI ni mashine ninayoiheshimu, na kuna jambo ambalo yenyewe pekee hulionyesha vizuri, yaani uvimbe wa maji ndani ya mfupa, chini ya uso wake, ambao hutabiri kwamba mahali pale tundu laweza kufuata. Eksirei na altrasaundi haziwezi kuona ndani ya mfupa namna hiyo. Lakini mwambie mjomba, kwa heshima zote, kwamba swali la kuuliza kabla ya kuchangishana ni hili: majibu ya MRI yatabadilisha uamuzi gani? Ikiwa vifundo vimevimba waziwazi, vipimo vya damu vinaelekea huko huko, na daktari amekwisha kuamua kutibu, MRI itathibitisha kwa gharama kubwa kile ambacho vidole vya daktari vimekwisha kukigusa, na wiki za kusubiri fedha ni wiki za utando kuendelea kutafuna. Ningeunga mkono MRI kama uvimbe ungekuwa wa kutiliwa shaka, kama damu na uchunguzi vingepingana, au kama kungekuwa na kiungo cha ndani ambacho altrasaundi haikifikii. Ikifanyika, mara nyingi huchomwa dawa ya gadolini, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo lazima aseme mapema, na mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini vilevile.

Mchangiaji aliyetangulia ameeleza kwamba baba yake aligunduliwa kwa eksirei moja tu ya goti. Hiyo ni kweli, lakini maradhi ni mengine. Goti la mzee linalochakaa, yaani osteoathritisi, huonyesha uwazi uliobana upande mmoja, miiba ya mfupa pembeni na weupe chini ya gegedu, na tangu mwaka 1957 hupangwa katika daraja 0 hadi 4 kwa utaratibu wa Kellgren na Lawrence. Sharti lake ni apigwe akiwa amesimama, maana goti lililolazwa huonekana na nafasi lisiyokuwa nayo. Jongo, yaani gauti, nalo huchimba matundu yenye kingo zilizojikunja, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Na kwa walio ukanda wa pwani na kusini, chikungunya, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza kutoka nyanda za Makonde mwaka 1952 na 1953 na jina lake likatokana na Kimakonde, huweza kuacha maumivu ya vifundo kwa miezi mingi yanayofanana sana na baridi yabisi. Kama mama alipata homa kali kabla ya vidole kuvimba, daktari aambiwe.

Kazi kubwa ya eksirei katika ugonjwa huu ni kulinganisha. Picha safi ya leo ina thamani kwa sababu mwakani itawekwa kando ya nyingine. Watafiti wana namna ya kuhesabu, ile ya Sharp iliyorekebishwa na van der Heijde, ambapo matundu na kubana kwa viungo vya mikono na miguu hupewa alama kutoka 0 hadi 448; katika hospitali zetu sijaona mtu akiihesabu kwa mgonjwa wa kawaida, wala si lazima, lakini mantiki yake tunaweza kuitumia kwa macho, mradi picha zote mbili zipo na zimepigwa kwa pozi lile lile. Chukua nakala kwenye diski au fleshi, na ripoti yake uitunze pamoja na kadi ya kliniki. Usiiache hospitalini ukidhani itakusubiri.

Mambo mawili madogo kuhusu picha ambazo huenda mkaombwa na mkashangaa. Daktari anaweza kutaka picha ya kifua kabla ya methotreksati, ili ajue hali ya mapafu na kama kuna dalili za kifua kikuu. Na ikiwa miaka ikipita mama atapangiwa upasuaji wowote wa kulazwa usingizi, ataje ugonjwa wake kwa daktari wa usingizi, kwa sababu baridi yabisi ya muda mrefu hulegeza kiungo cha juu kabisa cha shingo, na picha ya ubavu akiwa ameinamisha kichwa huonyesha kama pengo limevuka milimita 3.

Dawa yenyewe sitaizungumzia, isipokuwa kwa kosa ambalo limeua watu: methotreksati ya viungo hunywewa mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa, na kamwe si kila siku. Iandikeni siku hiyo ukutani.

Mama mdogo alianzishwa mwaka ule ule wa 2011. Kiwiko cha mkono wa kulia hakikurudi, na mkasi sasa anaushika kwa mkono wa kushoto. Kila mwaka hunijia na bahasha yake, tunaziweka picha mbili kwenye skrini moja, na mimi huhesabu kona moja moja huku yeye ameketi nyuma yangu kimya. Katika picha za mwisho matundu yalikuwa yale yale ya mwanzo, na kwenye mkono wa kushoto hapakuwa na hata moja jipya.