RX 580 au GTX 1650?
Umeniuliza uchukue ipi kati ya kadi hizi mbili za michoro (graphics card) za kuchezea gemu. RX 580 ndiyo yenye kasi, ndugu yangu, ingawa GTX 1650 ni mpya zaidi. Miaka (2017 na 2019) isikubabaishe. RX 580, ya kampuni ya AMD, toleo la kumbukumbu ya GB 8, ina njia ya kumbukumbu ya biti 256 na hupitisha GB 256 kwa sekunde. 1650 ya mwanzo, yenye kumbukumbu aina ya GDDR5, ina GB 4, biti 128, GB 128 kwa sekunde: nusu kila mahali. Kwenye gemu nzito za 1080p (skrini ya Full HD) tofauti utaiona kwa macho.

Lakini umesema kompyuta yako ni Dell ndogo ya ofisi, iliyotumika Uingereza. Hapo mimi ningechukua 1650 bila kusita. Hula wati 75 tu, na nyingi hazihitaji waya wa ziada wa umeme. RX 580 hula wati 185 na lazima iwe na waya wake kutoka pawasaplai, ambao mashine hizo aghalabu hazina. Nazifungua karibu kila wiki hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Tena na joto letu la kaskazi, wati mia zaidi ndani ya kasha dogo si mchezo.

Ukishikilia 580, hakikisha si ile ya 2048SP: ina viini vya kuchakata 2048 badala ya 2304, nguvu zake ni za RX 570, kadi ya chini yake. Na uliza kama ilichimba sarafu za kidijitali, maana feni huwa zimechoka.