Kapi ya modeli inaanza na skeli, dukani unaenda baadae

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza modeli za mashua za tanga na meli za zamani, modeli nyingi ninazoziona hapa Mwanza zinaharibikia sehemu moja tu, kwenye kamba na kapi, yani kile kigogo chenye gurudumu ndani kinachopitisha kamba. Bodi imenyooka, mbao zimekaa, rangi safi, alafu juu ya mlingoti kumening'inia kapi kubwa kuliko kichwa cha nahodha ambaye angeiendesha hiyo mashua. Mtu wa kawaida hajui kosa ni nini ila anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, mvuvi yeye anaona hapo hapo. Kuna kijana alipeleka ya kwake kwa wavuvi wa Igombe kuwaonyesha wazee, mzee mmoja akaishika akaigeuza geuza akamuuliza, "Mwanangu, hii kapi ni ya kupandisha tanga au ya kuvuta meli?"

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote, jua skeli yako. Skeli ni namba moja tu na kila kitu kwenye modeli kinagawanywa kwa namba hiyo hiyo, hakuna cha "hii ndogo sana ngoja niiongeze kidogo ionekane". Tuseme mashua yenyewe ina mita 9, kamba ya kupandishia tanga ina unene wa milimita 16, na kapi yake ina urefu wa sentimita 12. Ukitengeneza kwa skeli ya 1:20 unapata modeli ya sentimita 45, kamba ya milimita 0.8 na kapi ya milimita 6, hapo mambo ni rahisi. Ila mashua hiyo hiyo kwa 1:50 inakuwa sentimita 18, kamba milimita 0.32 na kapi milimita 2.4. Sasa wengi wanachukua kapi za milimita 5 kwa sababu ndo zilizopo au ndo vidole vinaziweza, na kapi ya milimita 5 kwa 1:50 maana yake kwenye mashua halisi ni kapi ya sentimita 25. Kama unaanza nakushauri kabisa nenda na 1:20, acha 1:50 kwanza mpaka mkono utulie.

Na sisi tuna bahati ambayo mtu wa Dodoma hana, vitu vyenyewe viko ziwani. Nenda Igombe au Mwaloni Kirumba, ila usiende wakati watu wanashusha mzigo maana hapo hakuna mwenye muda na wewe, nenda wakiwa wamekaa wanashona nyavu, salimia vizuri, eleza unachotengeneza, watakuonyesha mpaka ambavyo hukuuliza. Pima urefu wa kapi, upana, unene, tundu linapopita kamba, kamba yenyewe, alafu piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Angalia na rangi pia, kamba nyingi siku hizi ni manila za plastiki za bluu na kijani, kwa hiyo mashua ya leo ukiifunga kamba za kahawia tupu umetengeneza mashua ya zamani.

Wanaotaka meli kubwa za Uingereza wasome hapa taratibu. Vitabu vya zamani vya meli hizo vikisema kamba ya inchi 3 havimaanishi unene, vinamaanisha mzunguko wa kamba. Unagawanya kwa 3.14 ndo unapata unene. Inchi 3 ni kama milimita 76, ukigawanya unapata unene wa milimita 24, na kwa skeli ya 1:48 ni uzi wa nusu milimita. Ambaye hajui anagawanya 76 moja kwa moja kwa 48 anapata milimita 1.6, yani kamba nene mara tatu ya inavyotakiwa, na kwa kuwa kapi inafuata kamba basi na kapi zote zinavimba. Kanuni wanayoitumia mafundi wengi ni kwamba urefu wa kapi ni kama mara tatu ya mzunguko wa kamba yake, hivyo kamba ya inchi 3 inaenda na kapi ya inchi 9 hivi, ambayo kwa 1:48 ni milimita 4.8. Umri wa meli nao uangalie. HMS Victory iliyoshushwa majini mwaka 1765 milingoti yake ilishikiliwa na makamba manene ya nyuzi za mmea yaliyopakwa lami, Cutty Sark ya mwaka 1869 ilitumia waya za chuma, na waya ni nyembamba kuliko kamba yenye nguvu sawa. Ukihamisha unene wa kamba za meli moja kwenda nyingine umepotea hata kama skeli ni ile ile.

Ukikuta kipimo chako kiko katikati ya saizi mbili za dukani, chukua ndogo. Rangi inaongeza unene, uzi unaozungushwa kwenye kapi unaongeza, fundo linaongeza, ukimaliza ile ndogo imeshakua.

Uzi usiamini namba ya kwenye karatasi, pima mwenyewe. Zungushia kwenye penseli mizunguko 20 iliyobanana bila kupandana, weka rula, ikiwa imechukua milimita 16 basi uzi wako ni milimita 0.8. Uzi wa nyavu ni mzuri kwa uimara ila unang'aa sana, mimi napenda pamba. Shida ya pamba ni manyoya, na hili msilipuuze jamani, nyoya la milimita 1 kwenye skeli ya 1:50 ni sawa na kamba halisi kuwa na nywele za sentimita 5. Pitisha uzi kwenye nta ya nyuki mara kadhaa mpaka ulale.

Kapi zenyewe unaweza kutengeneza, na kwa bei za kuagiza nje pamoja na usafiri naona ni bora. Tafuta mti wenye nyuzi laini zilizobanana, mpera ndo chaguo langu, ule ule wa manati. Mninga ni mbao nzuri ila vinyweleo vyake vikubwa mno kwa kitu cha milimita 4. Chana kijiti chenye upana na unene wa kapi, weka alama, toboa matundu yote kikiwa bado kizima, chonga mfereji wa uzi, mwisho kabisa ndo ukate moja moja. Alafu bandika msasa ndani ya kopo la maziwa, tia kapi, funga, tikisa, kona zinajilainisha zenyewe.

Angalia tundu linakaa wapi. Kwenye kapi inayoning'inia kamba inapita juu ya gurudumu, kwa hiyo tundu liwe karibu na upande ule kapi ilipofungiwa. Ukiifunga kichwa chini, mtu anayejua anaona kamba inapita pasipo na gurudumu.

Kapi za dukani za metali ya kumimina, uliza kwanza kama zina madini ya risasi. Risasi ikifungiwa kwenye boksi la kioo lenye mbao inaliwa na asidi inayotoka kwenye mbao, inaota unga mweupe na mwisho inamomonyoka, na kwa modeli ya kukaa miaka mingi hotelini au ofisini hiyo haifai. Na kapi za foromali, ule mti wa kulala unaobeba tanga, zifunge zote foromali ikiwa bado mezani, ikishapanda juu ya mlingoti vidole havifiki.